Lucia Mwenye Mwanya

Jumapili, 30 Novemba

Siku ya ushindi! Naandika kabla chai haijapoa.

Leo mkutano wa kikundi chetu cha Waswahili, ukumbi wa parokia, Spånga. Ajenda moja: sikukuu ya Lucia, tarehe kumi na tatu. Mzee Ladislaus, mwenyekiti wetu, mhandisi mstaafu, Mtanzania aliyekuja kusoma nchi hii nywele zake zikiwa bado nyeusi, kasimama na bahasha ya kaki. Kasema kila Desemba Wasweden wanatembeza msichana mwenye mishumaa kichwani, nasi tunafuata nyuma tukitafuna mikate ya zafarani, na hakuna hata mmoja wetu anayejua huyo Lucia alikuwa nani. Kumbe alikuwa mfiadini! Wa enzi za Warumi. Ndani ya bahasha mna maisha yake, kutoka kitabu kilichoandikwa kwa mkono huko Ufaransa miaka mia saba iliyopita. Amepewa na Elise, dada mmoja Mfaransa anayechunguza vitabu kama hivyo chuo kikuu. Akauliza nani atatafsiri kwa Kiswahili na kuwasomea watu siku hiyo.

Wakongomani wawili waliokuwapo walichungulia karatasi, wakaanza kuangalia viatu vyao. Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Sikujiuliza, maana nilimwona Flaviana anafungua mdomo. Flaviana! Mama Lina wa Hagsätra, ambaye Kifaransa chake chote ni bonjour na jina la manukato. Nikanyoosha mkono kabla yake. Nikasema Kifaransa mimi nimekinyonya. Nikataja masista wa Bujumbura. Nikataja tuzo ya imla, darasa la sita. Watu wakapiga makofi.

Flaviana hakupiga.

Na si hayo tu! Mzee akasema mwaka huu hatutampata Lucia kwa kura. Tutasubiri tafsiri. Msichana atakayefanana zaidi na Lucia wa kitabuni ndiye atavaa taji. Miaka miwili mfululizo taji limekaa juu ya kichwa cha Lina, na mama yake ametuonyesha picha mpaka simu zikaisha chaji. Natacha wangu ana miaka kumi na sita. Shule ya msingi alitaka sana kuwa Lucia, kura ikamkataa, akavalishwa nguo ya kahawia akawa biskuti ya tangawizi kwenye msafara wa Lucia. Miaka mitatu! Mtoto wangu, biskuti, safu ya mwisho, nyuma ya kinanda. Sijasahau.

Na sasa kitabu kiko mkononi mwa nani?


Jumatatu, 1 Desemba

Nimefungua bahasha. Hiki si Kifaransa.

Elise amepiga chapa upya maneno yote, kurasa nne, wino safi. Herufi nazijua. Maneno siyajui. Ni kama mtu alimwaga sanduku la Kifaransa sakafuni, akayakusanya akiwa amefumba macho. Nimesoma mstari wa kwanza mara tisa. Nimeusoma kwa sauti. Nimeusoma kwa sauti ya Sista mkuu. Hakuna.

Nikapiga picha, nikaiuliza simu. Simu ikajibu kwamba binti mtukufu alipanda mama yake kwenye kaburi la jibini.

Gilles, mume wangu, dereva wa basi, mtu asiyesema maneno kumi kwa siku, kaniuliza kwa nini nisimpigie Mzee nikamwambia nimeshindwa. Hivyo tu. Kama vile ni kitu ambacho watu hufanya!


Jumatano, 3 Desemba

Mshtuko. Mshtuko mkubwa.

Nafanya kazi jiko la nyumba ya wazee hapa Alby. Wakati wa mapumziko nimekaa kwenye gunia la viazi na ukurasa wa tatu. Nikajiambia Xavérine, acha sentensi, okota maneno. Nikaokota. Neno la kwanza: watu elfu moja. Vizuri, nikadhani ni umati wa ibada. La pili: ng'ombe. Vizuri, kuna shamba. La tatu nikalijua mara moja, halijabadilika hata herufi moja kwa miaka mia saba. Danguro.

Danguro! Katika maisha ya mtakatifu!

Nikageuza karatasi nione kama Elise amekosea bahasha. Nikarudi. Mstari wa chini: mkojo. Nikasoma tena. Mkojo. Nikafumba macho nikafumbua. Bado mkojo.

Mpishi mwenzangu kaniuliza kama nimepata habari za msiba. Nikasema bado sijui.


Alhamisi, 4 Desemba

Nimeota ng'ombe usiku kucha. Walikuwa wananitazama.


Ijumaa, 5 Desemba

Nimempigia Elise. Nilijipanga vizuri: nitajifanya nataka kuhakikisha neno moja tu, jambo la kitaalamu, baina ya wasomi. Nikasema kwa Kifaransa changu cha masista kwamba ukurasa wa tatu una utata kidogo. Akafurahi! Akasema hakuna anayempigia kuhusu ukurasa wa tatu. Akaanza kueleza yote, huku anatafuna kitu, nadhani karoti.

Nilikuwa nimesimama kituo cha Alby. Ilibidi nikae.

Lucia alikuwa binti wa Sirakuza. Mama yake aliugua kutokwa damu. Lucia akampeleka kwenye kaburi la Agata, mfiadini mwingine, ambaye Warumi walimkata… sitaandika walimkata nini. Mama akapona. Lucia akamshawishi agawe mali yote ya ndoa kwa maskini. Mchumba kusikia hivyo akaenda kumshtaki kwamba ni Mkristo. Hakimu akaamuru apelekwe danguro. Wakamvuta, hakusogea. Wakaja watu elfu moja, hakusogea. Wakamfunga kwa maksai, jozi kwa jozi, hakusogea. Wakadhani ni uchawi, wakammwagia mkojo wauondoe. Wakawasha moto, wakamwaga mafuta ya moto. Hakuungua. Mwisho upanga wa koo. Na upanga ukiwa kooni, akaendelea kuongea!

Nikamuuliza kama yote hayo yako kwenye zile kurasa nne. Akasema ndiyo, tena Lucia ni mpole. Kwenye kitabu hichohicho yuko mmoja aliyechomwa juu ya wavu wa chuma, akawaambia wamgeuze upande wa pili maana huu umeiva. Na mwingine kakatwa kichwa, akakiokota, akaondoka nacho mkononi akitembea. Akacheka. Nikakata simu bila kuaga.

Treni tatu zilipita. Sikupanda hata moja.

Basi ndiyo hii wanayoimbia wimbo mtamu kila mwaka? Kwa biskuti? Na watoto wadogo?

Baada ya kuoga nimefikiri. Siwezi kusoma mambo haya mbele ya Padre Ephraim wa parokia yetu. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza. Kwa hiyo kubadilisha kidogo si uongo. Ni malezi. Na ukishabadilisha kidogo kwa ajili ya watoto wote, kuna ubaya gani kubadilisha kidogo tena kwa ajili ya mmoja?


Jumapili, 7 Desemba

USHINDI WA PILI!

Spånga. Nimesimama mbele na miwani ya kusomea, ile ya Gilles, inayoniumiza macho lakini inanipa sura ya profesa. Nikatangaza kwamba tafsiri kamili itasomwa siku yenyewe, ila leo nitatoa maelezo ya umbo la Lucia, kama kitabu kinavyosema. Mzee Ladislaus akatoa kalamu.

Alikuwa mrefu, nikasema. Alikuwa mtoto pekee kwa mama yake. Alitumia mkono wa kushoto. Na kati ya meno yake ya mbele alikuwa na mwanya.

Ukumbi ukageuka ukamtazama Natacha kwenye picha ya kambi ya vijana iliyobandikwa ukutani, anacheka, mwanya wote nje, kikombe mkono wa kushoto.

Flaviana akainuka. Akauliza, kwa adabu yenye sumu, kama kweli Wafaransa wa miaka mia saba iliyopita waliandika habari za mwanya. Nikamjibu ukurasa wa pili, mstari wa saba. Sijui ilitoka wapi! Ilitoka tu, nzima nzima, kama sarafu kwenye mashine. Akasema hata Lina ana mwanya, ila uko kwa ndani. Akamwambia Lina afungue mdomo. Mzee akachungulia. Akasema kwa masikitiko kwamba haoni kitu. Lina maskini akafunga mdomo akarudi kwenye simu yake.

Imepita. Natacha ndiye Lucia.

Nimerudi Alby nikikimbia ngazi. Nikamwambia Natacha. Akasema, bila kuinua kichwa: Nej, mamma; yaani hapana. Ndivyo tunavyoishi siku hizi. Mimi nasema Kiswahili, yeye ananijibu Kisweden, kama watu wawili wanaopungiana mikono kutoka treni mbili. Nikamweleza kuhusu taji. Nej. Kuhusu Flaviana. Nej. Kuhusu uso wa Flaviana! Akacheka kidogo, lakini bado nej.


Jumatano, 10 Desemba

Muujiza. Natacha amekubali! Ghafla, akiwa anapaka siagi mkate. Sharti moja: nimpe namba ya Elise, ana kazi ya historia shuleni na anataka kumuuliza mambo mawili matatu. Nikampa mara moja. Mtoto anayetaka kusoma, utamnyima namba ya msomi? Na Elise hajui Kiswahili neno hata moja, tafsiri yangu haiwezi kumfikia.

Nimepiga pasi kanzu nyeupe. Nimepiga pasi mshipi mwekundu mara mbili, rangi yake nzuri sana.


Ijumaa, 12 Desemba

Tafsiri imekamilika. Kurasa sita! Mimi mwenyewe nimelia kwenye ukurasa wa nne.

Lucia wangu anaamka mapema bila kuitwa. Anatandika kitanda. Hakai na simu mezani (nimeandika "hakai na upuuzi mezani," ili ifanane na zamani). Mama yake akimwita anaitika mara ya kwanza, na anaitika kwa lugha ya mama yake. Mwishoni hakufa kwa upanga. Anazeeka vizuri, anawagawia maskini mikate, anamtunza mama yake mpaka mwisho. Hakuna danguro. Maksai nimewaacha, maana ni wanyama wazuri, ila sasa wanalima.

Gilles kasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Akaniuliza huyu ni Lucia au ni Natacha unayemtaka. Maneno kumi yote ya siku, kayatumia kwa hilo! Nikamnyang'anya karatasi.

Flaviana kapiga simu. Anataka amani. Ataleta mikate ya zafarani mia moja na ishirini, na Lina atatembea wa pili. Sauti yake ilikuwa imechoka. Akasema mwaka jana Lina alitapika kwa woga kabla ya kuingia, na yeye alimsukuma hivyohivyo. Nikamwambia mshipi niliouchagua ni mzuri.


Jumamosi, 13 Desemba

Nitaandika yote kwa mpangilio, kisha nitalala, labda hadi Pasaka.

Saa mbili asubuhi. Ukumbi umejaa. Padre Ephraim mbele, karibu naye wazee wa Kisweden wa parokia, walioalikwa na Mzee. Safu ya pili Elise. Na pembeni ya Elise, mwanamume mrefu ananisalimia kwa Kiswahili cha Goma: "Jambo sana, mama. Mimi Akili, bwana ya Elise." Na Elise, huku anatabasamu: "Habari ya asubuhi, mama Natacha. Mimi nasikia Kiswahili, lakini kusema bado kidogo kidogo."

Anasikia Kiswahili! Miaka sita ana mume wa Goma! Hakuna aliyeniambia! Lakini kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi, na taa zikazimwa.

Mlango ukafunguliwa. Natacha.

Nitasema ukweli, nilisahau kila kitu. Mwanangu katika nyeupe, mshipi mwekundu, mishumaa ya betri inawaka juu ya misuko yake, na nyuma yake Lina, na wasichana, na wadogo wenye kofia za nyota, na biskuti wawili wa tangawizi wameshikana mikono. Wimbo ukaisha, wao wakiendelea kutembea polepole. Nikaanza kusoma. Hapo kale, mjini Sirakuza, aliishi binti mrefu mwenye mwanya. Watu wakaitikia kwa vichwa. Elise akainamisha kichwa upande, kama ndege anayesikia kitu chini ya udongo. Nikaendelea. Nikafika pale: "Na mama yake alipomwita, aliitika mara ya kwanza, kwa lugha ya mama yake."

Natacha akasimama. Katikati ya ukumbi, kabisa.

Lina akamgonga mgongoni. Nyota zikagonga wasichana, biskuti zikagonga nyota. Nikamfanyia ishara ya macho. Hakusogea. Nikasoma mstari mwingine kwa nguvu. Hakusogea. Flaviana akatoka pembeni akamshika mkono wa kanzu, akamnong'oneza atembee. Hakusogea. Nikaacha kipaza sauti nikaenda mwenyewe, nikamshika kiwiko, nikavuta kidogo, nikavuta sana. Kama kuvuta jengo! Mzee Ladislaus akaja na fimbo yake.

"Vipi mjukuu wangu, miguu inauma?"

"Shikamoo, babu," akasema Natacha. Kwa Kiswahili! Mbele ya watu wote! "Miguu haiumi. Siendi. Lucia hakwenda."

"Hakwenda wapi?"

"Walimvuta watu elfu moja, hakwenda. Mama amesoma siyo yenyewe."

Nikamwinamia sikioni. "Natacha, kuna watoto hapa."

"Mimi ni mtoto, mama. Nimeisoma. Elise alinipa kwa Kisweden." Akanitazama. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonishtua zaidi. "Soma ya kweli. Au niseme mimi."

Sikuwa nayo ya kweli. Nilikuwa na kurasa sita za mtoto anayetandika kitanda.

Akasema yeye. Kiswahili chake kilikuwa na mashimo kama mkate, lakini alisema.

"Lucia alikuwa na mama. Mama alikuwa anaumwa, damu inatoka miaka mingi. Lucia akampeleka mahali pa… pa kuzika mtu."

"Kaburini!" ukumbi ukamwambia.

"Kaburini pa Agata. Mama akapona. Lucia akasema, mama, zile mali za harusi yangu, wape maskini sasa, usingoje mpaka unakufa. Mama akakubali. Mwanamume wake akakasirika, akamsema kwa… yule anayekata kesi."

"Hakimu!" wakasema Watanzania. "Jaji!" wakasema Wakenya. Akili wa Goma naye akatoa la kwake, la Kifaransa.

"Huyo. Akasema mpelekeni kwenye nyumba ya…" Akasita. Akanigeukia. "Mama, inaitwaje?"

Watu themanini wakanitazama. Padre Ephraim akakohoa. Nilikuwa nimeficha neno lile tangu kwenye gunia la viazi.

"Danguro," nikasema.

Halikuanguka paa.

"Danguro. Wakamvuta. Hakwenda. Wakaleta ng'ombe, wale wa kulima."

"Maksai!" Huyo alikuwa Flaviana, amesimama, kashika mikono kifuani.

"Maksai. Hawakuweza. Wakammwagia…"

"Mkojo!" wakalipuka watoto, ambao sijui nani aliwaambia, biskuti ndogo ikipiga kelele kuliko wote. Bibi mmoja wa Kisweden akauliza watoto wanasema nini. Gilles wangu, kwa utulivu wake wote wa basi, akamtafsiria. Bibi akaweka kikombe chini.

Natacha akamaliza. Moto. Mafuta. Upanga. Akagusa koo lake mwenyewe, akasema, "Hapa. Na bado aliongea." Kisha akagusa mshipi. "Hii nyekundu ni damu yake. Siyo urembo."

Mshipi niliopiga pasi mara mbili!

Flaviana alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha mikate. Mzee Ladislaus akavua kofia. Natacha akasema, "Sasa naenda," akaenda, na wote nyuma yake, na mtu mmoja akaanza kuimba tena, safari hii taratibu.

Mimi nilibaki nimesimama katikati na kurasa sita.

Wakati wa kahawa nilijificha nyuma ya makoti. Elise akanipata. Nilidhani ameniletea hukumu. Akatoa daftari! Akasema, nusu Kifaransa nusu Kiswahili, kwamba amesoma nakala kumi na moja za maisha ya Lucia na hakuna hata moja yenye mwanya wala mkono wa kushoto. Akaniuliza nimeitoa wapi. Akasema waandishi wa zamani nao walifanya hivyohivyo: kila mmoja alibadilisha mtakatifu kidogo, ampendeze tajiri aliyelipia kitabu, awaonye mabinti wa nyumba ile. Kwa hiyo yeye hashangai. Anataka tu kujua.

Nilikuwa na nafasi. Naiandika hapa: nilikuwa nayo, ilikuwa wazi, upana wa mlango wa ukumbi. Ningesema nimetunga.

Nikasema ni simulizi ya bibi yangu, wa kwetu Ngozi.


Jumapili, 14 Desemba

Nimekaa na Natacha jikoni. Nimemwomba radhi. Nilijipanga kusema maneno machache ya heshima, nikaishia kulia juu ya mkate wa zafarani uliobaki. Nikamwambia habari za nguo ya kahawia, miaka mitatu, nyuma ya kinanda.

Akashangaa. "Lakini mama, mimi nilipenda kuwa biskuti. Tulikuwa tunacheka kule nyuma. Wewe ndiye ulikuwa unalia."

Miaka tisa! Miaka tisa nimebeba huzuni ya mtu mwingine ambaye hakuwa nayo.

Nikamuuliza Kiswahili chote kile alikitoa wapi. Akasema kila siku nazungumza, asisikie vipi? Ila anaona haya, kwa sababu nikimsikia anakosea namsahihisha kabla hajamaliza. Nikamwambia "kabla sijamaliza" ni sawa kabisa, hongera. Akanitazama. Nikafunga mdomo.

Akanitaka niahidi: hakuna kutunga tena. Nimeahidi. Nimeahidi mbele ya Gilles, ambaye aliinua gazeti juu kidogo.

Flaviana kanitumia ujumbe kwamba Lina ameomba mwaka ujao awe maksai. Nimecheka. Nimempigia, tumeongea saa nzima. Si mwanamke mbaya. Kelele tu.

Moyo mwepesi. Mimi ni mtu mpya.


Jumanne, 16 Desemba

Elise kapiga simu. Amewaeleza wenzake chuoni habari za bibi wa Ngozi. Wamefurahi mno. Alhamisi anakuja nyumbani na kinasa sauti. Akauliza kama bibi aliacha chochote kilichoandikwa, hata kipande, hata karatasi iliyochakaa.

Bibi yangu alikuwa Mpentekoste. Watakatifu hakutaka kuwasikia hata kwa mbali. Na hakujua kuandika.

Nilifungua mdomo niseme hivyo. Nikasikia sauti yangu inasema kipo kidaftari kidogo.

Natacha ameniambia nimeahidi kutotunga. Nami sitatunga! Hadithi imeshatungwa, tayari watu wameisikia, mimi naiandika tu kwenye karatasi inayoifaa. Amekwenda chumbani kwake akafunga mlango. Atanielewa akikua.

Nimenunua daftari la shule, jembamba. Nimenakili kurasa za kwanza kwa mwandiko wa kutetemeka. Nimechemsha chai ya rangi, kali, nikaziloweka kurasa moja moja kwenye sinia la kuokea, kisha ndani ya oveni, moto mdogo. Flaviana kwenye simu akasema niongeze mdalasini kwa ajili ya rangi. Yeye amekubali kuwa shahidi kwamba alimjua bibi.

Gilles karudi kazini akauliza mbona nyumba inanuka chai iliyoungua. Nimemwambia ni utafiti.

Nikakumbuka oveni! Nimekimbia, nimefungua, moshi. Kurasa tatu zimeungua pembeni, nyeusi, zinapukutika. Nilishtuka mpaka nikakaa chini sakafuni.

Kisha nikaziangalia tena, kwenye mwanga.

Zinaonekana za kale zaidi!